Hendsfrii ya gari inasumbua: anayesikia tatizo ni wewe au wa upande wa pili?

Mtu akikuletea gari na kusema "Bluetooth haifanyi kazi", bado hajakuambia kitu. Huenda kifaa cha hendsfrii, yaani cha kuongea na simu bila kuishika, hakiwaki kabisa. Huenda kinawaka lakini hakiioni simu, au kinaiona simu lakini sauti inabaki kwenye simu. Huenda pia kila kitu kiko sawa, ila mama mkwe aliyeko Magu analalamika kwamba anasikia upepo mtupu. Chanzo cha tatizo moja hakihusiani na cha jingine, na ukianza kufungua dashibodi kabla ya kujua ni lipi, utamaliza siku.

Kwa hiyo uliza mambo mawili kwanza. Tatizo linasikika wapi? Likisikika ndani ya gari tu, tafuta kwenye spika, redio na umeme. Likisikika kwa unayeongea naye tu, tafuta kwenye maiki na mahali ilipobandikwa. Mkilisikia wote wawili, shuku simu au mtandao. Halafu uliza linatokea lini: injini ikiwa imezimwa, ikinguruma, gari likitembea, au taa zikiwashwa? Kifaa chenyewe ni cha mwisho kulaumiwa, japo ndicho cha kwanza kurudishwa dukani.

Mjini Mwanza mara nyingi utakutana na aina nne. Kuna kile cha kubana kwenye kizuia jua, chenye betri na spika yake. Kuna transimita ya FM inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha sauti ya simu ili redio ya gari iipokee kama kituo, ambayo ndiyo imejaa kwenye maduka ya Makoroboi kwa sababu ni rahisi na haihitaji fundi. Kuna kit ya kudumu yenye kiboksi, maiki na nyaya zinazoingia nyuma ya redio. Na kuna redio mpya ya skrini yenye Bluetooth ndani yake. Nitazitaja kwa majina hayo.

Kabla hujagusa betri

Magari mengi yaliyotoka Japani bado yana redio yake ya kule, yenye ramani na maandishi ya Kijapani. Nyingi kati ya hizo, hasa za Toyota zenye kadi ya SD ya ramani, hujifunga umeme ukikatika. Ukirudisha betri, skrini inadai kadi au namba ya siri. Mwenye gari alikuja na shida ya maiki, sasa anaondoka bila redio.

Kuchomoa plagi ya nyuma ya redio kuna matokeo yaleyale, maana nako ni kuikatia umeme. Ukiona redio ya namna hiyo na mwenye gari hana namba yake, iache ilivyo. Chukua umeme wa hendsfrii kwenye nyaya za tundu la kiberiti au kwenye kisanduku cha fyuzi, na utumie kit yenye spika yake. Sauti haitakuwa nzuri kama ya spika za mlangoni, lakini redio itabaki nzima.

Haiwaki kabisa

Kwa transimita, anza na tundu lenyewe. Chomeka chaja ya simu unayojua ni nzima. Nayo ikikataa, tatizo si transimita. Zima gari, mulika ndani ya tundu: sarafu, karatasi ya pipi yenye rangi ya fedha na majivu ndivyo vinavyokutwa mara nyingi, na viwili vya mwanzo huunguza fyuzi. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo imeandikwa CIG na ni ya ampia 15. Weka nyingine ya ampia 15, si ya 30, na si ile iliyozungushiwa karatasi ya sigara. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, kuna waya unagusa bodi na kubadilisha fyuzi hakutasaidia.

Kama chaja inafanya kazi lakini transimita haiwaki, angalia kama ncha yake ya mbele inafika mwisho wa tundu. Matundu hutofautiana kina, na transimita nyingine ni fupi. Isukume na uizungushe kidogo. Ikiwaka na kuzima, ndipo penye kasoro.

Gari kubwa ni habari nyingine. Fuso na Coaster nyingi za dizeli zina umeme wa volti 24. Kifaa kilichoandikwa 12V peke yake kikichomekwa humo kinaungua, na hakuna utatuzi wa kufanya baada ya hapo. Tafuta kilichoandikwa 12–24V.

Kwa kit ya kudumu mambo ni mengi zaidi, kwa sababu ya rangi za nyaya.

Rangi za nyaya zinavyowadanganya mafundi

Kit na redio za kununua dukani zina nyaya tatu za umeme: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukiwa kwenye ACC (hatua ya ufunguo inayowasha redio bila injini), nyeusi ni hasi. Fundi asiye na mita ya umeme anaangalia nyuma ya redio ya Toyota, anaona nyeusi, njano na nyekundu, anafurahi na kuunganisha rangi kwa rangi.

Kwenye Toyota hizo ni nyaya za spika za nyuma. Katika mpangilio wa kawaida wa Toyota, nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto, nyekundu na nyeupe ni ya nyuma kulia. Umeme wa kudumu uko kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, ACC iko kwenye kijivu, na hasi iko kwenye kahawia. Spika za mbele ni pinki na zambarau upande wa kushoto, kijani mpauko na bluu upande wa kulia. Plagi ya pini kumi hubeba umeme na spika za mbele, na ya pini sita hubeba spika za nyuma.

Lakini hata ukijua hayo kwa moyo, tumia mita. Gari lililokaa mjini miaka kadhaa limeshapita mikono mingi, na huwezi kujua nani alikata nini na kuunga nini. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye chuma tupu cha bodi. Waya unaosoma volti 12 na ufunguo uko mfukoni ni wa kudumu. Unaosoma 12 pale tu unapozungusha ufunguo hadi ACC ni wa ACC. Upo na wa tatu wa kuuchunga: unaosoma 12 pale tu unapowasha taa ndogo. Huo ni wa kumulika vitufe vya redio. Mteja akikuambia hendsfrii yake "inafanya kazi usiku tu", usicheke. Mtu aliunga waya mwekundu kwenye huo wa taa.

Makosa mengine ya nyaya hizi yana dalili zake. Kit inayosahau simu kila unapozima gari, na kukulazimisha kuiunganisha upya asubuhi, haipati umeme wa kudumu: ama njano na nyekundu zimebadilishana, ama zote mbili zimeungwa kwenye ACC. Kit isiyozima kamwe ina zote mbili kwenye umeme wa kudumu. Na kit inayozima kwa sekunde moja unapopiga stata haina kasoro yoyote, kwa sababu gari lenyewe hukata ACC wakati wa kuwasha.

Zikikushinda nyaya zote, angalia fyuzi ndogo za kit yenyewe, ambazo hukaa kwenye vishikizi vya plastiki njiani mwa waya mwekundu na wa njano. Zimefichwa ndani ya tepu na watu huzisahau.

Imeunganishwa, lakini ndani ya gari kimya

Bluetooth haibebi sauti zote kwa njia moja. Mazungumzo ya simu yana njia yake, muziki una njia yake, na majina ya simu yana njia ya tatu. Ndiyo maana simu inaweza kusema "imeunganishwa", muziki ukapiga vizuri, halafu simu ikiingia sauti ikabaki sikioni. Fungua Bluetooth kwenye simu, gusa alama iliyo mbele ya jina la kifaa, na utaona vitufe vya simu, muziki na majina. Kilichozimwa kiwashe.

Kama vyote vimewashwa na bado kimya, futa muungano pande zote mbili: sahau kifaa kwenye simu, futa simu kwenye kifaa, zima vyote, kisha anza upya. Kufuta upande mmoja tu hakutoshi, kwa sababu upande wa pili unabaki na ufunguo wa zamani na vitaendelea kukataana. Kikidai namba, jaribu 0000, kisha 1234.

Simu za WhatsApp hazina nidhamu ileile. Kwenye vifaa vingi vya zamani kitufe cha kupokea hakizipokei, na sauti haihami yenyewe mpaka uguse alama ya spika kwenye skrini na uchague Bluetooth. Usipoteze muda kutafuta kasoro kwenye nyaya. Pima kwa simu ya kawaida.

Kwa kit ya kudumu, kimya kinaweza kutoka kwenye spika. Kit nyingi hukata sauti ya redio na kushika spika za mbele simu inapoingia. Redio ikinyamaza lakini husikii mtu, kit imeshika spika lakini waya wa spika umekatika au umekaa vibaya kwenye plagi. Na kamwe usiunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari. Redio za siku hizi husukuma umeme kwenye nyaya zote mbili za spika, na ukiugusisha mmoja kwenye bodi redio inapata moto, inajizima, na siku moja haitawaka tena.

Transimita na redio ya Japani

Hili linastahili muda, kwa kuwa ndilo linalowafanya watu waamini wameuziwa kifaa kibovu.

Redio za Japani zimetengenezwa kwa FM ya kule, inayoanzia megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hufika 95. Huku kwetu vituo viko kati ya 87.5 na 108, na transimita nazo zinarusha humohumo. Maana yake, Toyota IST yenye redio yake ya asili haiwezi kusikia transimita uliyoiweka 104.3, hata uikaribishe vipi. Kama redio haijafungwa ekspanda, kile kiboksi kidogo kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa ili redio ya Japani ipate vituo vyetu, uwanja ulio nao ni mdogo: 87.5 hadi 90. Weka transimita humo.

Magari mengi yamefungwa ekspanda hiyo. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Ekspanda inashusha kila kitu kwa kiasi kilekile, ikiwemo transimita yako. Transimita ikiandika 103.5 na wewe ukitafuta 103.5 kwenye redio, hutaipata.

Kujua inashusha kiasi gani, tafuta kituo unachofahamu masafa yake. Tuseme kituo kinajitangaza kuwa kiko 98.0, na redio yako inakionyesha kwenye 84.0. Tofauti ni 14. Basi transimita ukiiweka 103.5, redio iweke 89.5. Kiasi hicho hutofautiana kati ya ekspanda na ekspanda, kwa hiyo usinakili hesabu ya gari la jirani.

Sauti ikipatikana lakini ina mkwaruzo, sababu ziko tatu na zote hupimika kwa macho na masikio. Antena imeng'olewa, jambo la kawaida kwa vile vijiti vifupi vya juu ya paa. Ekspanda haipati umeme, na hapo hata vituo vya kawaida vitakwaruza. Au masafa uliyochagua yana mwenyewe. Zima transimita, sikiliza pale ulipopachagua: ukisikia hata sauti ya mbali ya mtangazaji, hama. Mwanza ni mji wa vilima na mawe, na masafa yaliyo kimya nyuma ya kilima cha Bugando yanaweza kuwa na kituo ukifika Igoma. Anayekwenda Sengerema kwa kupita Daraja la J.P. Magufuli, au anayeelekea Magu, achague masafa mawili mapema na kuyahifadhi, asije akatafuta huku anaendesha.

Nami niseme wazi: transimita ni nzuri kwa muziki. Kwa mazungumzo ni kifaa cha kusaidia tu, kwa sababu maiki yake iko chini karibu na gia, mbali na mdomo wako, na hakuna namna ya kuipandisha.

Anayelalamika ni wa upande wa pili

Hapa ndipo kesi nyingi zilipo, na ndipo dereva huwa wa mwisho kujua, maana yeye anasikia vizuri.

Egesha gari mahali patulivu, barabara ya Capri Point asubuhi inafaa. Zima injini, funga vioo, zima feni. Mpigie mtu mvumilivu, umwombe aseme ukweli.

"Shemeji, unanisikiaje?"

"Nakusikia, ila kama uko ndani ya pipa."

Usikate. Washa injini, muulize tena. Washa feni namba moja, kisha namba tatu, muulize. Fungua kioo chako. Mwisho endesha polepole hadi barabara kuu. Mahali anapobadilisha jibu ndipo chanzo kilipo, na hujagusa hata skrubu moja.

Akilalamika tangu injini ikiwa imezimwa kwamba uko ndani ya pipa, maiki iko mbali au imezibwa. Redio za skrini zina maiki ndogo ndani ya uso wa redio, nyuma ya kitundu kama cha sindano, na sauti inaifikia ikiwa imeshagonga kioo na dashibodi. Nyingi zina tundu la maiki ya nje kwa nyuma. Nunua maiki ya nje, kisha ingia kwenye mpangilio wa redio uangalie kama kuna sehemu ya kuchagua maiki ya ndani au ya nje, kwa sababu baadhi hazibadilishi zenyewe.

Magari yetu yana usukani kulia, kwa hiyo maiki ikae kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wa kulia, au juu karibu na kioo cha kutazama nyuma, uso wake ukikuelekea mdomoni. Maiki nyingi za kit husikia upande mmoja zaidi, na ukiibandika imetazama kioo cha mbele utakuwa umejinyima mwenyewe. Usiiweke juu ya dashibodi mbele ya matundu ya AC. Gundi ya maduka ya simu huachia jua la mchana likipiga kioo, kwa hiyo safisha mahali hapo kwa spiriti kwanza, au tumia klipu.

Waya wa maiki upitishe chini ya mpira wa mlango na ukingo wa dashibodi, mbali na waya mnene wa umeme. Nguzo ikiwa na maandishi ya SRS AIRBAG, waya usipite mbele ya mfuko wa hewa, na usiukaze kwa kamba juu ya kava. Ukipasuka, mfuko huo unatoka kwa nguvu, na chochote kilicho mbele yake kinarushwa kwako. Kama huna uhakika mfuko umelala wapi, pandisha maiki kwenye kizuia jua.

Akisema anajisikia mwenyewe, yaani mwangwi wa maneno yake, sauti yake inatoka kwenye spika zako na kurudi kupitia maiki. Punguza sauti kwanza; mara nyingi hapo hapo panatulia. Vifaa hivi vina akili ya kufuta mwangwi, lakini hufanya kazi vizuri vikijua spika inapiga kwa nguvu gani. Ukiwa na transimita na unaongeza sauti kwa kitufe cha redio, kifaa hakijui kwamba umeongeza. Weka redio mahali pamoja, kisha panda na shuka kwa kitufe cha transimita au cha simu. Kama gari lina amplifaya kubwa na subwoofa buti, mwangwi utakuwa mgumu zaidi kuondoa, na hapo kile kidude cha kubana kwenye kizuia jua, chenye spika yake ndogo, kitaushinda mfumo huo kwa mazungumzo ingawa ni cha bei ya chini.

Akilalamika upepo gari likitembea tu, funga kioo. Ni jibu la kuchosha lakini ni la kweli. Barabara ya vumbi na changarawe ina kelele ambayo hakuna maiki ya bei hii inayoweza kuitenganisha na sauti yako.

Mluzi, mkoromo na "trr-trr-trr"

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta unatoka kwenye alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Unaingia kupitia umeme, na mara nyingi kupitia hasi mbovu. Pima hivi: hendsfrii ikiwa inafanya kazi, weka mita kati ya hasi yake na hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, mahali ulipofunga hasi hapafai. Toa rangi na kutu hadi chuma king'ae, au hamisha hasi iende kwenye hasi ileile ya redio. Hilo la pili mara nyingi ndilo linalomaliza, kwa kuwa tatizo huzaliwa pale vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti vinapokuwa na hasi kwenye sehemu mbili tofauti za gari.

Ndiyo maana watu wenye kile kipokezi kidogo cha Bluetooth cha tundu la AUX (la kuingizia sauti kwenye redio) hupata mluzi pale tu wanapokichaji kwenye tundu la kiberiti. Chomoa chaja: mluzi ukipotea, umeshaupata. Kitumie kwa betri yake, au nunua kile kichujio kidogo kinachokaa kwenye waya wa AUX na kutenganisha hasi hizo mbili.

Ile "trr-trr-trr" inayotangulia simu kuita si ya alteneta. Ni simu yako ikiongea na mnara kwa mtandao wa 2G, na waya wa sauti unaipokea kama antena. Huzidi mahali penye mtandao hafifu, kwa sababu simu hupandisha nguvu. Ondoa simu juu ya redio au karibu na waya wa maiki. Umbali wa mkono mmoja unatosha.

Inakatika katikati ya mazungumzo

Sauti ikikata, tazama simu. Kama mazungumzo yanaendelea kwenye simu yenyewe, Bluetooth ndiyo iliyoachia. Kama simu nayo imekata, ni mtandao, na hakuna kifaa cha kubadilisha.

Bluetooth inayoachia kila baada ya muda mara nyingi huwa inazimwa na simu ili kulinda chaji. Ingia kwenye mpangilio wa betri, uruhusu Bluetooth na programu ya simu zifanye kazi bila kuzuiwa. Angalia pia spika za masikioni na saa ya mkononi; simu iliyounganishwa na vitu vitatu wakati mwingine hupeleka mazungumzo kwenye kile kilicho ndani ya mkoba.

Na kuna hili la familia. Kifaa kikiwa kinazikumbuka simu mbili, hukamata ile inayojibu kwanza. Baba anawasha gari, simu ya mama ndiyo inaunganishwa, na mazungumzo ya kikoba yanatangazwa kwa spika nne mbele ya abiria. Zima Bluetooth kwenye simu moja, au futa ile isiyo ya dereva.

Majina hayaonekani, au kupiga kunagoma

Kifaa kikiunganishwa mara ya kwanza, simu huuliza kama kiruhusiwe kusoma majina. Wengi hugusa "hapana" kwa haraka. Rudi kwenye alama ya kifaa, uwashe kitufe cha majina. Yakionekana nusu, yaliyobaki huenda yamehifadhiwa kwenye laini, na vifaa vingi huvuta yale ya kwenye simu tu. Yahamishe.

Wenye laini mbili wana shida yao. Ukipiga kwa kitufe cha gari na kimya kikatawala, angalia skrini ya simu: inakuuliza utumie laini ipi. Mpangilio uko kwenye "uliza kila mara". Chagua laini moja ya kupigia, na kitufe cha gari kitatii.

Betri ya gari inalala

Kit iliyoungwa vibaya inaweza kuvuta ampia 0.2 usiku na mchana. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa siku ni ampia-saa 4.8. Betri ndogo ya ampia-saa 35 ikiachwa uwanja wa ndege siku nne imeshapoteza zaidi ya nusu, na stata haitageuka. Wengine betri huisha bila kosa la waya, kwa kuacha ufunguo kwenye ACC na muziki ukipiga wakati wanasubiri kivuko cha Kamanga.

Kupima, hakikisha kwanza redio si ile inayojifunga. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa gari litulie. Tenganisha hasi ya betri, weka mita kati ya betri na waya huo wa hasi ukitumia tundu la ampia 10 la mita, na usiwashe gari mita ikiwa hapo. Ukisoma zaidi ya milliampia 50, chomoa fyuzi ya kit. Namba ikishuka, hamisha waya mwekundu uende ACC. Isiposhuka, kit haina hatia, endelea na fyuzi nyingine moja moja.

Vile vya kubana kwenye kizuia jua havili betri ya gari. Tatizo lao ni joto. Kikivimba au kava likaanza kuachana, usikichaji tena.

Kabla ya kukirudisha dukani

Jaribu kifaa hichohicho kwa simu nyingine, kisha kwenye gari jingine. Tatizo likihama na kifaa, kirudishe. Likibaki kwenye gari, rudi kwenye nyaya. Likibaki kwenye simu, rudi kwenye mpangilio wake. Dukani usiishie kueleza kwa mdomo: omba wakichomeke kwenye gari lao au betri yao, upige simu mbele yao, na kile wanachokupa badala yake kipimwe hivyohivyo kabla hujaondoka.